Kisanduku Kilichozimia Sekunde Sabini na Saba

Ghala la nyasi la Noelene Pfitzner liliungua Jumapili, mchana kweupe, mita mia nne kutoka kwenye king'ora cha zimamoto.

King'ora kilikuwa kizima. Umeme upo. Kisanduku kinachokiamuru kilie kipo hapo hapo ukutani, kipya, kimebandikwa stika ya kampuni yetu. Ujumbe wa moto ulitumwa kutoka wilayani mara tatu ndani ya dakika moja, ukapotea mara zote tatu.

Kimyaaa.

Baadaye tuligundua kisanduku hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinapiga hesabu. Kimeinamia hesabu zake kwa bidii ya ajabu, mgeni anabisha hodi na moto mkononi, chenyewe hakina habari.

Na aliyekitengeneza ni mimi. Cheka tu, nishazoea.

Naitwa Merrin Tuckwell. Nakaa Yarrakool, mji wa watu mia tatu na kumi, maghala mawili makubwa ya nafaka na baa moja. Kazi yangu ni kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya chini kabisa inayogawa zamu: nani atumie prosesa, yaani ubongo wa mashine, sasa hivi, nani asubiri. Ukikutana nami harusini ukaniuliza nafanya kazi gani, nitakujibu kwa dakika arobaini. Watu wa hapa wameshajifunza kutoniuliza.

Basi Jumatatu asubuhi tukaitwa kwenye banda la zimamoto. Noelene ndiye kapteni wa kikosi, wote wa kujitolea. Ana miaka sitini na saba, kondoo mia nane, na siku hiyo alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Haya, binti Tuckwell," akasema. "Nieleze mimi mtu wa kondoo. Kwa nini king'ora hakikulia?"

Mnaonijua mshajua kilichofuata.

Nikaongea dakika ishirini na tano. Nikaanza na antena, nikapita kwenye mtandao wa wilaya, nikagusa nyaya, nikarudi kwenye antena. Nikachora ubaoni. Kuna mzee mmoja alisinzia, nikamwona, nikaendelea.

Noelene akanyoosha mkono.

"Merrin, ile taa ya kijani ya..."

"Kapteni, taa ni pambo tu. Ngoja nimalize."

Akanyoosha tena. Nikamwambia maswali mwishoni. Akanyoosha mara ya tatu, nikajifanya natafuta kalamu.

"Umemaliza?" akauliza mwishowe.

"Kwa leo."

"Haya, sikia na mimi kidogo. Alhamisi wametabiri digrii arobaini na nne na upepo wa kaskazini. Mpaka Jumatano jioni hicho kidude chako kisipopona, naking'oa kwa bisibisi yangu mwenyewe. Turudi kwenye kupigiana simu nyumba kwa nyumba."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaapa kitapona kabla ya hapo.

Sio kwa ajili ya kampuni. Kampuni ina watu wanne na mmoja wao ni mbwa.

Ni kwa ajili ya baba.

Baba yangu, mzee Lindsay, ana miaka themanini na moja. Anaishi peke yake mwisho wa Barabara ya Maghala, upande wa kaskazini, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Leseni ya kuendesha walishamnyang'anya. Simu hasikii hata ikiita ndani ya kofia yake. Vifaa vya masikio anavyo, viko kwenye droo, anavitunza kwa siku maalumu. Siku hiyo maalumu haijawahi kufika tangu nivinunue.

Anachokisikia ni king'ora, na redio akiibana sikioni, basi. Kikilia anatoka kibarazani, na jirani yake Glenys anampitia na gari. Huo ndio mpango wao, na siku zote umefanya kazi.

Kwa hiyo moto ukija na upepo wa kaskazini, mtu wa kwanza kufikiwa ni yule yule asiyesikia simu. Hapo utani wote ukanitoka.

Nikarudi nyumbani, nikaingia kwenye kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba. Humo nina mashine ya majaribio yenye prosesa thelathini na mbili. Nikaitumia ujumbe wa moto mara elfu moja. Mara zote elfu moja ulipokelewa, na mashine haikutoa hata jasho.

Nikaandika ripoti kwa mbwembwe: "Hakuna kosa lililoonekana. Huenda ni mazingira."

Mazingira! Yaani ghala la mtu limeungua, mimi nasingizia hali ya hewa.

Jumanne saa tatu asubuhi simu ikaita. Kapteni.

"Njoo bandani saa nne na dakika kumi. Beba kiti. Mdomo uache nyumbani."

Nikaenda. Kaweka chai mezani, kaweka vipande vya keki ya nazi, na mkononi kashika saa ya kuhesabia sekunde, ile anayopimia mbwa wake kwenye mashindano ya kuchunga kondoo.

"Kaa hapo. Angalia taa."

Kisanduku kilikuwa ukutani, taa yake ya kijani inakonyeza kila sekunde. Konyeza. Konyeza. Nikafungua mdomo nimweleze taa ile inavyofanya kazi. Akanipa keki.

Saa nne na robo kamili, taa ikaganda.

Noelene akabonyeza saa yake, akanywa chai. Mimi nikatoa simu, nikajaribu kuwasiliana na kisanduku. Hakijibu. Nikachomeka waya kwenye kompyuta yangu. Hakijibu. Nikakigonga kwa kidole, kama mtaalamu. Hakijibu.

Halafu taa ikaanza kukonyeza tena, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Sabini na saba," akasema Noelene. "Kila saa, ikifika na robo. Wiki ya tatu hii. Nimeziandika nyuma ya kalenda."

Ghala lake liliwaka saa nane na robo mchana. Nikaiweka keki mezani.

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia vile anavyomwangalia kondoo aliyegonga uzio uleule mara ya tatu.

"Jumatatu nilinyoosha mkono mara ngapi?"

Nikampigia bosi.

Bosi wangu anaitwa Fergus Dalgleish, ofisi yake iko Ballarat. Ni mtu mwema. Wema wake ndio tatizo, maana hajui kumkatalia mteja.

"Bosi, wiki tatu zilizopita tulibadilisha nini kwenye kisanduku?"

"Hakuna kitu. Tuliongeza usalama tu."

"Tuliongeza kiasi gani?"

"Si ule ufunguo wa siri ambao kisanduku kinatumia kila saa kujitambulisha kwa wilaya? Ulikuwa na urefu wa biti elfu mbili na kitu. Wilaya wakauliza kama tuna mkubwa zaidi. Nikawaambia upo wa elfu kumi na sita."

"Wakasema?"

"Wakafurahi sana. Kamati nzima ilipiga makofi."

Sasa ngoja niwape hesabu kidogo, msikimbie. Ufunguo ukiurefusha mara mbili, kazi ya kuutumia inaongezeka kama mara nane. Fergus aliurefusha mara mbili, halafu mara mbili tena, halafu tena. Nane mara nane mara nane ni mia tano na kumi na mbili. Kazi iliyokuwa inakwisha kabla hujapepesa jicho, kwenye kile kiprosesa kimoja dhaifu cha kisanduku, ikawa ya sekunde sabini na saba. Kwenye mashine yangu ya majaribio wala huioni, maana prosesa moja ikibanwa zipo thelathini na moja za kupokea wageni.

"Na mlinzi je?" nikamuuliza.

Kila kiini kina mlinzi. Kazi yake ni kuangalia kama prosesa imeng'ang'aniwa na mtu mmoja zaidi ya sekunde ishirini na kitu. Ikitokea, anapiga kelele kwenye daftari la kumbukumbu la mashine na kumtaja mhusika kwa jina.

"Mlinzi nilimzima," akasema Fergus.

"Ulimzima?"

"Tulivyoweka ufunguo mpya akaanza kupiga kelele kila saa. Wateja wakiona zile kelele wanaogopa."

"Bosi. Uliona mbwa anabweka, ukamfunga mdomo, ukaenda kulala?"

"Merrin, usinipandishie sauti."

"Haya, basi tufupishe ufunguo leo hii."

"Haiwezekani. Kamati ishapitisha. Inakaa tena Februari."

Tulikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Moto nao, kwa bahati mbaya, hauna mjumbe kwenye kamati.

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Mlinzi muongezee subira," Fergus akasema. "Aanze kupiga kelele baada ya dakika mbili."

Nikakata simu kabla sijafukuzwa kazi.

Noelene alikuwa amesikia yote. Akasogeza kiti.

"Nifafanulie kwa lugha ya mtu wa kawaida, na uwe mfupi. Hicho kidude kinashikwa na nini?"

Nikafikiri. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, nikafikiri kabla ya kuongea.

"Unakijua kibanda cha soseji pale uwanjani? Jumamosi Trevor akiwa peke yake na koleo moja?"

"Namjua Trevor."

"Mtu akimwagiza soseji mbili, anachoma, anampa, anaita anayefuata. Sasa aje mtu aagize elfu tisa. Mchomaji mwenye akili atachoma trei moja, atainua kichwa, ataangalia foleni. Kuna mtoto anataka maji? Mpe maji. Kuna mtu anasema nyuma yako kunaungua? Msikilize. Halafu unarudi kwenye soseji zako."

"Na Trevor wako?"

"Trevor wangu hainui kichwa mpaka zifike elfu tisa."

Noelene akatikisa kichwa pole pole. "Kwa hiyo kosa sio soseji nyingi."

"Kosa ni kutoinua kichwa."

"Basi mwambie ainue," akasema, akachukua keki yangu iliyobaki.

Nyie, nimesoma miaka mitano chuo kikuu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunifupishia hivyo.

Nikamwasha mlinzi, nikasubiri saa tano na robo. Taa ikaganda, na safari hii mlinzi akapiga kelele na kutaja jina la mhusika: kitanzi kimoja cha hesabu, yaani maagizo yanayojirudia rudia, ndani ya kiini. Nikakifungua. Kinazidisha tarakimu, kinazungusha, kinazidisha, kinazungusha, mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza hata mara moja kama kuna mtu anasubiri.

"Nani mpumbavu aliandika hiki kitu?" nikapiga kelele.

Noelene akasema, "Taratibu, mishipa ya shingo itapasuka."

Kiini hiki sio changu peke yangu. Kinaandikwa na maelfu ya watu dunia nzima, na kila mstari una historia yake: nani aliuweka, lini, kwa sababu gani. Nikachungulia historia haraka haraka. Jina la juu lilikuwa la jamaa mmoja wa mbali ambaye sijawahi kumwona. Nikatosheka. Nikamlaani jamaa huyo pamoja na ukoo wake wote.

Jumanne mchana nikaweka mstari wa kukiamuru kitanzi kipumzike. Nikajaribu kwenye kisanduku cha akiba. Kikazimia moja kwa moja, hata taa ya umeme ikawa kama inanicheka.

Nilikuwa nimeuweka mahali pabaya. Kuna sehemu kwenye kiini ambapo mfanyakazi anakuwa ameshika kufuli ya kitu ambacho wengine wote wanakihitaji. Ukisinzia hapo, ni sawa na mtu aliyejifungia chooni akalala humo, na nyumba ina choo kimoja. Mpaka jua linazama nilikuwa bado natafuta aliyelala chooni.

Jumatano asubuhi nikampata. Nikausogeza mstari, nikauweka ndani ya kitanzi, baada ya kufuli kuachiwa. Kila baada ya fungu la hesabu: inua kichwa, kuna mtu? Mpishe. Hakuna? Endelea.

Mstari mmoja. Herufi zake hazifiki hata ishirini.

Saa tisa na robo alasiri tukakaa tena kwenye viti vyetu, mimi na Noelene. Robo ikafika. Taa ikasuasua, ikajikongoja kama mlevi anayerudi nyumbani, lakini haikuganda. Nikatuma ujumbe wa majaribio katikati ya hesabu, na king'ora kikalia mpaka mbwa wa mji mzima wakaitikia.

Noelene akatazama saa yake. "Hesabu imechukua sabini na tisa. Imechelewa zaidi ya jana."

"Sekunde mbili, ndio. Ndiyo gharama ya kuinua kichwa."

"Sekunde mbili?" Akaguna. "Mimi hizo nazitumia kupiga chafya."

Akairudisha bisibisi mfukoni. Nilitaka kumkumbatia, ila ana mikono ya kunyoa kondoo, nikaogopa.

Sasa, mimi ningeishia hapo, ningekuwa mtu mzima mwenye heshima zake leo. Lakini mdomo uliponza kichwa.

Kwenye dunia yetu, ukirekebisha kiini, unatuma kiraka chako, yaani hayo marekebisho, kwa barua pepe kwenye orodha ya wazi. Wenzako duniani kote wanakisoma, wanakichambua, na kinabaki hapo milele, hata wajukuu zako watakisoma. Kiraka kinaenda na maelezo. Watu wastaarabu wanaandika maelezo mafupi.

Mimi nikaandika hivi: "Kitanzi hiki hakipumziki. Kwenye mashine ndogo na ufunguo mrefu kinashikilia prosesa sekunde sabini na saba. Nashindwa kuelewa mwandishi wake alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Labda alikuwa anawahi basi. Kupumzika ni somo la darasa la kwanza, na ningependa kujua ni nani aliyemruhusu kugusa kiini."

Nikasoma tena, nikacheka mwenyewe, nikatuma.

Alhamisi ikafika na digrii zake arobaini na nne. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma kama mtu kafungua mlango wa oveni na kuusahau. Mimi nilikuwa bandani tangu asubuhi, macho kwenye taa. Nilimpitia baba kwanza, nikamwomba aje akae nami mjini.

"Kuna kriketi redioni," akasema. "Nikija huko nitaisikilizia wapi?"

"Baba, leo ni siku mbaya."

"Nimeziona siku mbaya kabla hujazaliwa. We mtoto nenda kafanye kazi."

Nikaenda.

Saa tisa na dakika kumi na nne, mashine ya kuvunia dengu iligonga jiwe kwenye shamba moja kaskazini ya mji. Cheche moja tu.

Saa tisa na robo, kisanduku kikainamia hesabu zake.

Sekunde ishirini baadaye ukaja ujumbe wa moto.

Naomba niwe mkweli. Nilijua nimekirekebisha. Nilikijaribu mara thelathini. Lakini nilipoona taa inasuasua na ujumbe umeingia, nilizisahau zote thelathini. Nikamwona baba na redio yake, mgongo kwa dirisha.

King'ora kikalia.

Kililia kile kilio chake kirefu kinachopanda na kushuka, katikati kabisa ya hesabu, na hesabu yenyewe ikaendelea nyuma yake bila kinyongo. Magari mawili ya kikosi yalitoka kabla hata haijakwisha. Noelene alinipita amevaa kofia, akanipiga kofi la bega, nusura nianguke.

Nilipoteza robo saa ya maisha yangu uwanjani, tunakokusanyika, nikihesabu magari yanayoingia. Gari la Glenys likaingia la kumi na moja. Akashuka baba, kuku mmoja kwapani, uso umemkunjamana.

"Kile king'ora chako," akasema, "kimenikatiza kriketi. Zilikuwa zimebaki ova mbili tu mchezo uishe."

Nilimkumbatia yeye na kuku wake. Nililia, sioni haya kusema. Kuku naye alinifanyia alichonifanyia kwenye shati.

Moto ulivuka uzio wa baba dakika tisa baada ya king'ora. Ulikula banda la kuku, choo cha zamani na nusu ya kibaraza. Kikosi kiliuzimia hapo, kwenye kibaraza, mita moja kutoka kwenye kile kiti chake. Kuku wengine sita tuliwakuta kesho yake barabarani, wazima, wamekasirika kuliko mzee.

Mita moja, jamani. Sekunde sabini na saba ni ndefu mno kwa mita moja.

Ijumaa asubuhi nikaamka shujaa. Nikapika chai, nikafungua barua pepe nikapokee sifa zangu.

Kulikuwa na jibu moja. Limetoka kwa Wiremu Paratene wa Dunedin. Huyu mzee ni mkaguzi wa sehemu ile ya kiini, mtu wa maneno machache na adabu nyingi. Ukimtukana anakujibu "asante kwa maoni".

Aliandika hivi: "Merrin, asante. Kiraka ni sahihi, nakikubali. Mambo mawili madogo ya desturi. La kwanza, umesahau mstari wa kutaja badiliko lililoleta kosa. Historia ya juu inaonyesha mtu aliyehamisha faili tu kutoka folda moja kwenda nyingine. Badiliko lenyewe nimelibandika hapa chini."

Nikashuka chini.

Lilikuwa la miaka mitatu nyuma. Maelezo yake: "Naondoa mapumziko yasiyo na kazi ndani ya kitanzi. Kasi inaongezeka kwa asilimia nne."

Mwandishi: Merrin Tuckwell.

Nikasoma tena. Nikasugua macho. Nikaenda kunywa maji, nikarudi. Jina bado liko palepale, na barua pepe yangu pembeni.

Mstari ulikuwepo, ndugu zangu. Mtu mwenye akili aliuweka zamani, na mimi ndiye niliyeufuta. Sasa nikakumbuka hata siku yenyewe: Fergus alininunulia keki kwa ile asilimia nne. Asilimia nne ya muda ambao hakuna binadamu angeuhisi.

Na haikuishia hapo. Chini yake Wiremu alikuwa ameuliza, miaka mitatu ile ile: "Je, ikitokea ufunguo mrefu kwenye mashine ndogo?"

Na chini ya swali lake kulikuwa na jibu langu, mbele ya dunia nzima: "Wiremu, ni nani mwenye akili timamu atakayefanya hivyo?"

Nyani haoni kundule. Mimi nililiona la kwangu, limebandikwa kwenye orodha ya wazi, wasomaji elfu nne.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa Wiremu alinyoosha mkono kama Noelene, na yeye pia nilimwambia angoje nimalize.

Jambo la pili la Wiremu lilikuwa fupi. "Pia, kwa desturi, tafadhali taja aliyeripoti kosa. Nadhani sio wewe."

Sijawahi kuona mtu akinichapa kwa upole namna ile.

Nikafuta lile tangazo langu la basi na darasa la kwanza, ingawa lile nililolituma mwanzo bado lipo huko na litakuwepo mpaka kiama. Nikatuma kiraka upya. Kosa limeletwa na: Merrin Tuckwell. Limerekebishwa na: Merrin Tuckwell. Na juu yao, kwenye mstari wake peke yake: Limeripotiwa na Noelene Pfitzner, kikosi cha zimamoto, Yarrakool.

Halafu nikaenda shambani kwake. Nilimkuta kwenye majivu ya ghala anaokota misumari. Nikamwambia yote: kwamba ghala lake halikuunguzwa na antena wala mazingira. Fergus alileta kuni, lakini aliyeng'oa bomba la maji ni mimi, kwa ajili ya asilimia nne na keki.

Nilijua atanirushia nyundo.

Akaokota msumari mwingine, akautia kwenye ndoo. Halafu akaanza kuongea. Akanieleza ghala lile lilijengwa na mumewe kabla hajafa, kwamba kwenye nguzo kulikuwa na alama za urefu wa watoto wao, kwamba Jumapili alisimama pale na ndoo moja akisubiri king'ora kilie. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikafunga mdomo, nikamsikiliza mpaka akamaliza mwenyewe.

Ilichukua zaidi ya sekunde sabini na saba. Hakuna kilichoungua.

Mwishowe nikamwonyesha simu. "Mama, ona. Jina lako liko ndani ya kiini. Mashine za dunia nzima zitakuwa nalo."

Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia simu.

"Mimi nilisema taa tu," akasema. "Shika ndoo, tuokote misumari."

Basi wewe unayenisoma, uwe fundi, mwalimu, bosi au mwenyekiti wa kikao: hakuna anayekukataza kazi ndefu. Chapa kazi yako. Ila kila baada ya trei moja inua kichwa uone nani kanyoosha mkono.

Mimi najifunza. Juzi harusini mtu aliniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu kwa dakika mbili, halafu nikamuuliza na yeye. Baba alikuwa meza ya jirani, amevaa vifaa vyake vya masikio kwa mara ya kwanza, anasema siku ya mimi kujibu kwa dakika mbili ndiyo siku maalumu aliyokuwa anaisubiri.